Wati 500 za Kwenye Boksi: Jinsi Nilivyomchagulia Mpwa Wangu Pawa Saplai

Jumamosi moja jioni mpwa wangu aliingia nyumbani kwangu akiwa ameikumbatia kompyuta yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mgonjwa asiyeweza kutembea. "Shikamoo mjomba," alisema, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba alikuwa ameshaiweka juu ya meza ya chakula na kuanza kunieleza maradhi yake. Mchana kutwa kompyuta hiyo humfanyia kazi zake za chuo bila tatizo lolote, na usiku humwonesha filamu hadi anasinzia. Lakini akifungua gemu la mpira, kipindi cha kwanza hakifiki nusu kabla haijazimika ghafla, giza, kana kwamba kuna mtu aliyechomoa waya ukutani. Haileti skrini ya bluu, haileti ujumbe wa kosa, haitoi hata mlio. Fundi aliyeiona kabla yangu alikuwa ameshatoa hukumu kwamba kadi ya grafiki, kile kifaa kinachochora picha za skrini, imekufa, na kwa huruma yake akajitolea kuinunua kwa bei ya vipuri.

Kadi yenyewe ni RTX 3060, na haikuwa imekufa. Kadi ya grafiki inayokufa huaga: huchora mistari na miraba ya rangi zisizoeleweka, au hugandisha picha huku sauti ya mtangazaji ikiendelea. Kompyuta inayozimika bila kuaga, tena palepale inapoanza kazi nzito, mara nyingi imezidiwa na joto au imekosa umeme. Joto nililipima kwa programu, na prosesa haikuzidi nyuzi 70. Nikamwomba kijana anishikie tochi ya simu, nikafungua skrubu nne za nyuma ya kasha, nikaitoa pawa saplai, kile chombo kinachozigawia umeme sehemu zote za kompyuta.

Kitu cha kwanza kilichonishtua ni uzito wake. Nilikuwa nimeuandaa mkono kwa ajili ya kitu kizito, ukapaa juu kuliko nilivyokusudia. Chombo kile kilikuwa chepesi kama kopo la maziwa lililokwisha. Ubavuni kilikuwa kimeandikwa 500W kwa tarakimu nyekundu zenye ukubwa wa kidole gumba, lakini upande wa pili palikuwa na kibandiko chenye jedwali la herufi ndogo ambalo hakuna mtu aliyejishughulisha kulisoma, si muuzaji, si mnunuzi, wala fundi. Katika jedwali hilo, chini ya +12V, paliandikwa 20A.

Hapo ndipo shauri zima lilipo, na hesabu yake ni ya darasa la tano. Volti ukizizidisha kwa ampea unapata wati: 12 mara 20 ni 240. Kadi ya RTX 3060 peke yake imepangiwa kutumia hadi wati 170. Prosesa yake, Core i5-12400F, huandikwa wati 65, lakini kwa mujibu wa Intel wenyewe inaweza kupanda hadi wati 117 inapokazana. Jumla ya hivyo viwili ni wati 287, kabla hujahesabu mazabodi (ile bodi kuu inayobeba vyote), feni, diski na taa za rangi ambazo vijana hawawezi kuishi bila hizo. Karibu vyote hivyo hunywa kutoka kwenye mstari huohuo wa volti 12. Mpwa wangu alikuwa na kisima cha wati 240 na familia inayohitaji zaidi ya 300. Alipokuwa akiandika kazi za chuo familia ilikuwa imelala, na goli lilipofungwa wote waliamka wakaja na ndoo.

Je, zile wati 500 zilitoka wapi? Pawa saplai hupokea umeme wa ukutani na kuushusha kuwa umeme wa mkondo mnyoofu wa volti kuu tatu: 12, 5 na 3.3. Zamani kompyuta zilitegemea sana volti 5 na 3.3, na vifaa vilitengenezwa kwa kufuata mahitaji hayo. Mwaka 2000 prosesa za Pentium 4 zilikuja na ATX12V, toleo jipya la mwongozo wa Intel wa kutengenezea pawa saplai, pamoja na plagi yake ya pini 4, na tangu wakati huo mzigo mkubwa umehamia kwenye volti 12. Watengenezaji wa vifaa vya bei ya chini hawakuhama. Wanaendelea kutengeneza chombo chenye ampea nyingi kwenye volti 5 na 3.3, ambazo kompyuta ya leo inazigusa kidogo tu, kisha wanajumlisha kila kitu, pengine na kile ambacho chombo kinaweza kukihimili kwa sekunde chache, na jumla hiyo ndiyo inayopakwa rangi nyekundu. Hawajaandika uongo mtupu. Wameandika ukweli usiokusaidia.

Sasa chukua pawa saplai iliyotengenezwa kwa uaminifu, ya wati 650, usome kibandiko chake. Mara nyingi utakuta +12V ina ampea 54, yaani wati 648. Karibu nguvu yote iko mahali inapohitajika. Ukiwa dukani, fanya hesabu hiyo kwa simu yako kabla hujauliza bei; na kama kibandiko hakipo, au hakioneshi ampea za kila mstari, kirudishe chombo kwenye rafu na umshukuru muuzaji kwa muda wake.

Kujua unahitaji kiasi gani si kazi ngumu kama inavyotangazwa. Jumlisha kilele cha kadi na kilele cha prosesa, ongeza wati 50 au 60 za vitu vingine vyote, kisha acha nafasi ya kutosha juu yake. Kwa kompyuta ya mpwa wangu jumla ilikuwa kama wati 345. Nvidia wenyewe hupendekeza wati 550 kwa kadi hiyo, na pendekezo hilo huwashangaza watu wanaoona kwamba kadi inakula 170 tu. Kwa maoni yangu kampuni inaweka akiba hiyo kwa kuwa haijui prosesa yako ni ipi, wala haiamini kibandiko cha pawa saplai yako, na katika hilo la pili nami sikiamini. Nilichagua 650 ili siku akibadilisha kadi asilazimike kuanza upya.

Akiba hiyo ina sababu nyingine ambayo kipimo cha kawaida hakiioneshi. Kadi za kisasa hazinywi umeme kwa utulivu, hugugumia. Kadi iliyoandikwa wati 320 inaweza kuvuta zaidi ya hapo kwa muda mfupi mno, halafu ikatulia, na wastani ukabaki palepale. Wakati wa kadi za RTX 30, hasa 3080 na 3090, watu wengi wenye pawa saplai nzuri kabisa walishangaa kuona kompyuta zao zikizimika, kwa sababu ulinzi wa ndani uliona mruko huo ukadhani kuna hitilafu. Ndiyo maana mwongozo wa ATX 3.0, ambao Intel waliutoa mwaka 2022, unavitaka vifaa vikubwa vinavyofuata mwongozo huo vihimili mara mbili ya uwezo wao kwa mikrosekunde 100, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Ukiona ATX 3.0 au 3.1 kwenye boksi la kampuni inayoeleweka, ni maandishi yenye maana.

Mpwa wangu aliposikia wati 650 aliogopa. "Mjomba, si itamaliza LUKU?" Swali hilo ninaulizwa karibu kila mara, na jibu ni hapana. Ukubwa wa pawa saplai ni ukubwa wa mlango, wala hauamui ni watu wangapi watapita. Kompyuta inayohitaji wati 300 itavuta wati 300, uwe umeifungia chombo cha 550 au cha 1000. Kinachobadilisha bili ni kiasi cha umeme kinachopotea njiani kama joto, na hapo ndipo unapokutana na vibandiko vya 80 Plus, mpango ulioanza mwaka 2004, wenye madaraja ya Bronze, Silver, Gold na mengine juu yake. Daraja la Gold, katika kipimo chake cha kawaida cha volti 115, hudai ufanisi wa asilimia 87 kwenye mzigo wa asilimia 20, asilimia 90 kwenye nusu ya mzigo, na 87 tena kwenye mzigo kamili. Kwa volti 230 za kwetu ufanisi hupanda kidogo. Tuseme kompyuta inahitaji wati 300 na unacheza saa 4 kila siku. Chombo chenye ufanisi wa asilimia 80 kitavuta wati 375 ukutani, chenye asilimia 90 kitavuta 333, na tofauti hiyo kwa mwezi ni kama yuniti 5. Si haba, lakini si utajiri. Ninanunua Gold kwa sababu joto dogo humaanisha feni tulivu na maisha marefu. Bili inakuja nyuma kabisa.

Hata hivyo, usimwabudu huyo Gold. Kipimo cha 80 Plus hupima ufanisi, na hupimwa kwenye chumba cha nyuzi 23, hali ambayo Dar es Salaam tunaipata tu pale kiyoyozi kinapofanya kazi. Hakisemi lolote kuhusu usafi wa umeme unaotoka wala kama chombo kitajizima chenyewe mambo yakiharibika. Mambo hayo mawili ndiyo yanayonihangaisha zaidi. Mwongozo wa ATX wa kabla ya toleo la 3.0 ulitaka mstari wa volti 12 usitoke nje ya asilimia 5, yaani ubaki kati ya 11.4 na 12.6, na mtetemo wa volti juu yake usizidi milivolti 120. Mwongozo unataka pia ulinzi dhidi ya volti kupita kiasi, mzigo kupita kiasi na shoti. Pawa saplai nzuri ikifa, hufa peke yake. Mbovu hufa na wenzake.

Ile ya mpwa wangu niliifungua baadaye, baada ya kuiacha majuma mawili bila umeme, na sikushauri uifungue ya kwako, kwa sababu kapasita za ndani hubaki na mamia ya volti hata baada ya waya kuchomolewa. Karibu na soketi ya umeme, mahali ambapo bodi ilikuwa imechorwa alama ya koili ya kuchuja kelele, hapakuwa na koili. Palikuwa na vipande viwili vya waya vilivyounganishwa moja kwa moja. Bodi ilikuwa imeandaliwa kwa ajili ya kitu ambacho mtu aliamua kutokiweka. Transfoma yake ilikuwa ndogo kama ya redio ya mezani, na waya zilizokwenda kwenye plagi ya kadi zilikuwa nyembamba kiasi cha kuona aibu. Wepesi nilioushika mkononi ulikuwa ni jumla ya vitu vilivyoachwa.

Umeme wa kwetu nao una tabia zake, na pawa saplai ndiyo inayokutana nazo kabla ya kifaa kingine chochote. Jioni ambapo mtaa mzima umewasha majiko na feni, umeme hushuka hadi taa zikawa za manjano. Chombo chenye urekebishaji hai wa kipengele cha nguvu (Active PFC, sakiti inayoulainisha umeme unaovutwa ukutani), ambacho kibandiko chake huandikwa 100–240V, hakijali sana hali hiyo. Vipo vingine vya bei ya kati vilivyoandikwa 200–240V tu. Si vibovu, ila mtaani kwangu ningevikwepa. Umeme ukikatika kwa kufumba na kufumbua, pawa saplai iliyotengenezwa kwa kufuata mwongozo hushikilia mzigo kwa milisekunde 16 au 17 hivi, muda unaoitosha UPS ya kawaida, kile kifaa cha kuokoa kompyuta umeme ukikatika, kuhamia kwenye betri. Ile ya bei ya kutupa huachia mapema, na ndiyo maana watu hulalamika kwamba UPS yao "haifanyi kazi" ilhali kosa liko kwenye kompyuta. Na kwa kuwa tumeitaja UPS, nayo ina kibandiko: VA 650 (volti mara ampea) si wati 650, mara nyingi haizidi wati 390. Zipo pia UPS zinazotoa umeme wa ngazi badala ya wimbi laini, na baadhi ya pawa saplai zenye urekebishaji hai huukataa umeme huo zikazimika. Zijaribu pamoja kabla ya kulipa, ukiweza.

Nikiri na langu. Miaka mingi iliyopita niliipata kompyuta ya mezani iliyotumika kutoka Marekani, nikaichomeka kwa furaha bila kuitazama nyuma. Nyuma palikuwa na swichi ndogo nyekundu, na dirisha lake lilionesha 115. Ilipiga kishindo kimoja kikubwa, ikatoa moshi, na harufu yake ilikaa sebuleni siku mbili huku mke wangu akinitazama bila kusema neno. Swichi hiyo ikiwa kwenye 115, sakiti ya ndani huuzidisha umeme mara mbili, hivyo volti 230 zetu, ambazo kileleni hufika kama 325, zinageuka kuwa karibu 650 juu ya kapasita zisizoandaliwa kwa hilo. Vifaa vya kisasa vyenye 100–240V havina swichi hiyo, lakini kompyuta za zamani bado zinaingia nchini. Tazama nyuma kwanza.

Hizo kompyuta za ofisini zilizotumika zinastahili maneno yao, kwa kuwa vijana wengi huanzia hapo. OptiPlex 9020 ya mnara kutoka Dell ni mashine imara kwa bei yake, lakini pawa saplai yake ni ya wati 290, na plagi inayokwenda kwenye mazabodi ina pini 8 badala ya 24 za kawaida. Ukinunua pawa saplai ya dukani haitaingia bila kiunganishi maalumu. HP nao wana plagi zao. Ushauri wangu kwa mwenye mashine ya aina hiyo ni kuiacha pawa saplai yake, ambayo kwa kweli huwa imetengenezwa vizuri, na kutafuta kadi inayotosheka na umeme wa kwenye sloti, ile nafasi ya mazabodi inapochomekwa, ambao kikomo chake ni wati 75. GTX 1650 ziko nyingi zisizohitaji plagi ya ziada. Jambo nisilolipendekeza hata kidogo ni kile kiwaya cha kugeuza plagi ya SATA, ile ya kulishia diski, kuwa plagi ya kadi. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5, jumla wati 54. Plagi ya kadi ya pini 6 inaruhusiwa kuomba 75, na ya pini 8 inaruhusiwa kuomba 150. Nimekiona kiwaya hicho kikiwa kimeyeyuka, plastiki yake imekuwa kahawia kama karanga zilizoungua.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wenye uzoefu. Pawa saplai ambazo waya zake huchomolewa zinapendeza, kwa kuwa unaweka zile tu unazozihitaji, lakini upande unaoingia kwenye pawa saplai yenyewe hauna mpangilio wa pamoja. Waya wa kampuni moja unaweza kuingia vizuri kwenye chombo cha kampuni nyingine, ukabana kabisa, na ukapeleka volti 12 mahali pa volti 5. Diski zote zinakufa kwa sekunde moja. Ukibadilisha pawa saplai, badilisha na waya zake. Ile plagi mpya ya pini 16 ya kadi kubwa, iliyozua kelele mwaka 2022 baada ya baadhi ya plagi za RTX 4090 kuyeyuka, hadithi yake ni ndefu. Kwa ufupi, isukume hadi mwisho kabisa na usiikunje karibu na shingo.

Tulizunguka Kariakoo asubuhi nzima, mpwa wangu na mimi, tukisoma vibandiko. Tulinunua ya wati 650, Gold, +12V ampea 54, waranti ya miaka mitano, kwa bei ya zaidi ya mara tano ya ile ya kwanza aliyoilipia shilingi 45,000. Nusu nilimwongezea mimi, na mama yake hajui. Tulipoifunga, nilimwambia afungue gemu zito kuliko yote aliyonayo, akacheza saa mbili, na goli likifungwa ninasikia makelele yake mwenyewe tu.

Ile ya zamani muuzaji alikataa kuipokea, na kijana alitaka kuiuza kwa mwenzake wa hosteli. Nilimkatalia, nikaukata waya wake mbele yake kwa koleo. Feni yake ndiyo iliyokuwa nzima. Ni ya volti 12, nami nilikuwa na adapta ya volti 12 isiyo na kazi, kwa hiyo sasa inaipuliza ruta yangu pale sebuleni.